Nani Atasimama kwa Ajili ya Barabara ya Beri?

Shangazi Nell mpendwa wa safu ya ushauri gazetini, naomba unijibu kabla ya Alhamisi maana nimebanwa kweli kweli. Mimi ni mtafiti wa mambo ya jamii, kazi yangu ni kuuliza watu wanavyotumia misitu ya umma, wanapiga kambi wapi, wanavua wapi, wanapumzika vipi, na miaka miwili hii nimezunguka bonde letu hapa Montana nikiwaomba watu wanichoree kwenye ramani wanapochuma beri za mlimani, yale matunda madogo matamu ya porini, na wewe unajua hapa kwetu mtu atakuonyesha hata barua zake za mapenzi lakini si kichaka chake cha beri, kwa hiyo nilimwahidi kila mmoja, kwa maandishi na sahihi, kwamba sitataja jina wala mahali, wakakubali, hata bibi yangu Orpha, ambaye kwanza alinichorea mahali pa uongo, mimi mjukuu wake wa damu! kisha kesho yake asubuhi akaja na pai akasema, "Lete hiyo ramani nirekebishe, roho inanisuta."

Basi Shangazi, nilipoziweka ramani pamoja nilicheka mpaka nikakaa chini, kwa sababu familia kumi na moja zinachuma kwenye mteremko ule ule, kila familia ikidhani ni wake peke yake, bibi anakwenda Jumanne, jirani yetu mzee Wendell anakwenda Jumamosi, na Jumapili kanisani wanakaa benchi moja, namsikia bibi akisema, "Dubu mwaka huu kanimalizia nusu nzima," na Wendell anaitikia, "Na mimi hivyo hivyo, dada Orpha, mlafi huyo hana haya!" nami nauma leso nisicheke.

Sasa ofisi ya misitu inataka kuifunga barabara ya kupanda huko, inasema haitumiki, Alhamisi kuna mkutano wa kuwasikiliza wananchi, na hakuna hata mmoja aliyeandika kupinga, na hawataandika, kwa sababu kila mmoja anaogopa kuulizwa anachuma wapi, na ikifungwa ni mwendo wa saa nne kwa miguu, na bibi ana miaka themanini na moja na magoti yake hayo, hatapanda tena, nikisema nimevunja ahadi, nikinyamaza nimemnyang'anya bibi furaha yake ya kila Agosti, na nakiri juzi niliandika barua ya kupinga nikatia jina la kubuni, bado iko mezani. Nifanye nini?

Mwenye Ramani

*

Mwenye Ramani, kwanza chana hiyo barua. Sasa hivi, nangoja. Na ulikuwa na akili gani kuniandikia majina ya watu ulioapa kuwaficha? Nimeyabadilisha yote kabla ya kuchapa, na siku zao za kuchuma pia.

Nimeshakugombeza, nikuambie ukweli: nimecheka hadi mhariri akaja kuuliza kama nimepaliwa. Miaka yote hiyo tunamsingizia dubu wa watu! Nakuonea huruma kubeba kichekesho kama hicho peke yako.

Sasa sikiliza. Uliahidi kutotaja jina wala mahali, hukuahidi kuwa bubu. Barabara ile inapita miteremko mingi. Kesho piga simu kwa kamati ya chuo chako iliyokupa kibali cha utafiti, wasomee sentensi moja: "Familia nilizozihoji zinaitegemea barabara hii kwenda kuchuma beri." Wakikubali, isome Alhamisi mkutanoni, ukae. Watu wa ofisi wakikuuliza mteremko gani, kunywa maji.

Kisha mwombe mwenyekiti wa mkutano aseme hivi: yeyote anayepanda kwa barabara ile kuchuma beri, popote pale, asimame tu, bila neno. Ofisi itahesabu vichwa, na hakuna atakayekuwa ametoa siri. Bibi yako atasingizia magoti. Kaa karibu naye, mshike mkono, umwinue. Wewe umesomea watu na misitu, shangazi sijasomea chochote, lakini najua bonde hili likiona mmoja amesimama, wengine hawatakubali kubaki kwenye viti.

Wa kwanza nitakuwa mimi. Na ukinifuata baadaye kuniuliza nachuma wapi, nitakudanganya.