Ukuta wa Kwa Roketi Haupo Tena, Tata

Tata,

Walishabomoa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililokuficha, na nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Siku ile wodini uliponiuliza, "Bhoke, wameugusa ule ukuta?" nikakujibu, "Bado, Tata, wameahirisha," tingatinga lilikuwa limemaliza kazi siku tatu nyuma. Ulifumba macho ukasema, "Afadhali." Ukafa wiki ile ile, na hilo "afadhali" lako umekwenda nalo.

Na waliobomoa si watu wa mbali. Ni mimi, mwanao.

Halmashauri ilitaka eneo la zahanati, na mimi kama mtendaji wa kijiji ndiye niliyetakiwa kuandika ni eneo gani linafaa. Yalikuwa mawili: kilima cha Kwa Roketi, na shamba langu la kahawa pale barabarani. Waliokuja kupima walipenda la barabarani. Nikaandika kwamba shamba lile lina mgogoro wa mpaka. Hakuna mgogoro wowote, unajua. Kuhusu Kwa Roketi nikaandika, "Ni magofu yasiyo na mwenyewe wala historia." Nikagonga muhuri. Mimi, Tata, ambaye ulinifundisha kuandika kwa mkaa kwenye sakafu ya magofu hayo hayo.

Historia ilikuwepo, na hakuna aliyeijua kuliko mimi. Ulikuwa kijana ulipoajiriwa kule, wewe na rafiki yako Mwita aliyetoka ng'ambo, upande wa Kenya. Roketi zenyewe zilikuwa ndogo, za kupiga mawingu ili mvua ya mawe isimalize kahawa. Kabla hazijatumika, katika kila mzigo ulioingia mlitoa roketi moja, mkaifunga kwa vyuma ndani ya ule ukuta wa zege wa pande tatu, mkaiwasha kwa waya mkiwa mbali, muone kama inaungua sawasawa. Ulikuwa ukinisimulia hayo tukisubiri uji. Unahesabu kutoka kumi kurudi nyuma mpaka sifuri, ndipo unafunua sufuria. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa anacheka mpaka anakaa chini.

Lakini la Mwita hukumwambia hata Mama. Uliniambia mimi, mwaka jana, tumekaa pale juu umemaliza kufagia. Kila Jumamosi ulifagia pale, na watu walidhani ni uzee. Ulisema Mwita alirudi ukutani kuangalia waya, na wewe ukadhani ameshatoka. "Nilibonyeza swichi mimi, Bhoke. Hakuna aliyeniuliza. Waliandika ajali, basi." Walimzika kwao, na hukuthubutu kwenda. Baadaye walipoziba ufa wa ukuta, ulichukua msumari ukaandika jina lake kwenye saruji mbichi. MWITA, basi, herufi zimepinda. Ukaniambia aliacha binti, Robi, na kwamba umetuma watu wa Sirari, pale mpakani, wamtafute. "Akija, mlete hapa. Nitamwambia mwenyewe."

Hayo yote niliyajua nilipogonga muhuri. Usije ukafikiri nilisahau. Sikusahau.

Siku ya kubomoa nilikuwepo. Ukuta ulikataa. Dereva alirudi nyuma mara nne, akazima injini, akaniambia, "Mama mtendaji, hawa watu walikuwa wanajenga kweli." Angeniambia tu kwamba mashine imeshindwa, labda ningeshukuru. Nikamwambia aendelee. Upande wenye jina ulianguka kifudifudi, hata sikuziona zile herufi. Vifusi vilipondwa, vikashindiliwa kwenye msingi. Viko chini ya sakafu ya zahanati sasa.

Robi alifika siku ya tatu ya matanga yako. Mama mtu mzima, amevaa sweta ya kijani, viatu vimejaa tope la njiani. Nikampa shikamoo. Akasema ujumbe wako ulimfikia, ila amechelewa, na sasa anaomba jambo moja tu: aone mahali baba yake alipofia.

Ningeweza kumdanganya na yeye. Nilikuwa nimeshazoea. Nikampeleka.

Tulisimama kwenye udongo uliosawazishwa, mafundi wanapanga matofali. Nikamwambia: ukuta ulikuwa hapa, jina la baba yako lilikuwa upande ule, na nimeubomoa mimi ili kuokoa kahawa yangu. Kisha nikamwambia na lako, la swichi. Halikuwa langu kulisema.

Aliinama akaugusa ule udongo. Halafu akasema, "Mama alijua. Aliambiwa siku ya mazishi, na wenzao wa kazini. Kila akisikia mgeni mlangoni alisema labda ni yule rafiki wa baba, amekuja kusema. Alimngoja mpaka akafa."

Nikaanza kulia. Nikamwomba msamaha, wako na wangu, nikavuruga yote pamoja. Akanishika bega, wala si kwa ukali. "Usichanganye, mdogo wangu. La baba yako lilikuwa bahati mbaya, na sisi kwetu tulishalimaliza. La ukuta ulilifanya huku unaona."

Akaondoka bila kuonja hata uji. Sikumzuia.

Zahanati imeshaezekwa. Mtoto wa kwanza ameshazaliwa humo, wa kike, na mama yake akataka kumpa jina langu. Wananishukuru njiani, Tata, wananishika mkono kwa mikono miwili. Ningekuwa nimeiba ng'ombe ingekuwa rahisi, maana mwizi hapewi shukrani. Na zahanati tulihitaji, hilo ni kweli, wewe mwenyewe ulibebwa kwa pikipiki ukiwa na homa. Lakini ingeweza kusimama barabarani, na hata wagonjwa wangefika kwa urahisi zaidi. Kahawa imeiva. Nikienda kuchuma nachuma kikapu kimoja, nageuka narudi.

Jumatano kuna mkutano wa kijiji. Nimeomba ajenda moja. Nitasoma ile sentensi yangu ya magofu mbele ya wote, niseme ni uongo, niseme na kwa nini niliuandika. Kisha nitasimulia habari za Mwita na zako, kama ulivyonisimulia, ziandikwe kwenye muhtasari wa kijiji. Huenda wataninyang'anya kazi. Huenda watacheka. Nimemtumia Robi ujumbe wa siku na saa, hajajibu. Nitasema hata asipokuja, hilo nakuahidi.

Pumzika, Tata. Msalimie Mama. Msamaha wako siuombi kabla ya Jumatano.

Binti yako,
Bhoke