Msiseme "Amekaa Tu"

Tunduma

Mdogo wangu Elia,

"Baba haumwi, kaka. Amekaa tu." Ndivyo ulivyoniandikia, nami nakataa. Nawasalimu wote hapo Mbangala. Mwili wangu mzima, ila maneno yako yameninyima hamu ya chakula.

Shamba likikaa tu, tunajua linarudisha rutuba. Mashine ya kusaga ikikaa tu, kijiji kizima kinauliza imeharibika nini. Ng'ombe wako akikaa tu asubuhi moja, unamkimbilia bwana mifugo. Lakini mzazi akikaa tu, eti asogezewe kigoda! Nani alikufundisha kwamba kwa binadamu neno hilo ni jibu?

Sikia yaliyotokea hapa mpakani. Kwenye foleni ya malori yanayovuka kwenda Zambia, dereva mmoja aliketi tangu alfajiri, injini inanguruma, vidole vyake nje ya dirisha. Mama muuza chapati akampungia na kumsalimu kwa Kibemba chake cha biashara: "Mulishani, batata!" yaani, hujambo, mzee. Vidole vikapunga.

"Ana maringo huyu," mama akacheka. "Mkono kaja nao, mdomo kauacha nyumbani!"

Foleni ikasogea, yeye hakusogea. Wa nyuma wakapiga honi. Utingo wake, aliyekuwa chini akipiga soga, akasema, "Mwacheni mzee, amekaa tu."

Nilipanda mimi, karani wa mizigo, kumdai makaratasi. Chai yake ilikuwa imeshika utando. Macho yalitazama lango la mpaka. Nikamgusa: baridi. Mtetemo wa injini ndio uliokuwa ukivipunga vile vidole. Asubuhi nzima tulisalimiana na injini, Elia. Nilipoizima, mkono ukatulia.

Halafu nasoma barua yako tena. Tangu tumzike mama, baba yuko mlangoni, kuku wanamdonoa miguu hadi damu, naye hawafukuzi, anatabasamu. Hayo ndiyo mapumziko? Mtu asiyesikia mdomo wa kuku hapumziki. Kuna kitu kinamwondoa kidogo kidogo, nanyi mnampita na ndoo zenu za maji.

Nisalimie shangazi, msuka mikeka, na baba mdogo, mpiga kengele wa kanisa. Sasa wewe na shemeji: msemesheni baba, na msiondoke mpaka ajibu kwa kinywa chake. Kisha fungeni ng'ombe kwenye mkokoteni mkampeleke hospitali. Kesho. Msingoje siku ya mnada.

Kaka yako,
Yohana