Kofia Isiyo na Tundu Utosini

Baba,

Shikamoo. Sijui kama mtu aliyekwisha kwenda anaamkiwa, lakini nikianza bila shikamoo nitakusikia tu: "Kwani tumeamka pamoja?" Basi nimeamkia. Marahaba nitajiitikia mwenyewe.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa tukizungumza tukifuma. Shuleni sasa hata hesabu nazifikiria kwa Kiingereza, lakini nikishika kroshia Kiingereza kinanikatika chote. Nikikosea herufi usinicheke, au nicheke tu, sijali. Afadhali unicheke.

Theluji imeyeyuka. Mama bado yuko edani, anakaa chumbani kwenu mlango wazi ili anisikie nikirudi. Viatu vyako vya baridi alivitoa mlangoni akavitia kabatini, kesho yake nikavikuta vimerudi mlangoni. Sikuuliza. Simu yako anaichaji kila siku na hatujui tunamsubiri nani apige. Ami Twaha anapita kila akitoka kazini, analeta mkate. Tuna mikate mingi, Baba. Hatuna walaji.

Nina jambo nataka kukuuliza, na hakuna mwingine wa kumuuliza. Jumamosi ijayo ndiyo lile tamasha letu, la wale vijana waimbaji ninaowapenda. Tiketi mbili ulizonunua ziko kwenye hiyo simu. Na mimi nataka kwenda. Nimelisema. Nataka kwenda, na kila nikitaka naona kama sikupendi vizuri, maana mtoto aliyefiwa si anatakiwa asitake kitu? Halafu nyimbo zao zikipita kichwani nasahau kwa dakika nzima kwamba umekufa. Nikikumbuka, inakuwa kama nimeambiwa upya, mkuu wa shule yuko mlangoni mwa darasa na ananiita jina langu lote.

Sijui ipi ni sawa. Ndiyo maana naandika.

Siku nilipoleta nyumbani ile taa yangu ya mashabiki, ile ya kupunga tamashani, yenye mpini mweupe na kichwa cha mviringo kama balbu, uliigeuzageuza mkononi ukaitazama kwa huruma kabisa. "Huyu mbona kichwa wazi? Atakwenda kwa watu hivi hivi?" Nikacheka, nikadhani mzaha umeishia hapo. Kumbe ulishachukua kipimo. Siku ya pili ulirudi kutoka ofisini nayo mkobani, umeifuma kwenye basi: kofia kamili, kama zile mlizokuwa mkifuma Tanga ulipokuwa kijana, na vitundu vyake vya urembo ubavuni, ila ndogo ya kulitosha chungwa. Ukaivika taa. Ukaiwasha. Ukutani kukatokea nukta nukta za mwanga, na wewe ukasema, "Enhe. Sasa ni mtu wa heshima."

Ile kofia ndiyo iliyotupeleka maktaba. Kwangu ilikuwa kazi ngumu, unakumbuka. Mashabiki wa mtaa wetu huu wa Malvern walikuwa wakikutana pale Jumamosi wanafuma, wengine kwa sindano mbili, wengine kwa kroshia, na nyimbo zinapigwa kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nawajua mtandaoni tu. Tulipofika nikakataa kushuka garini. Ukasema, "Twende, nakaa dakika tano tu, nipashe mikono moto." Dakika tano zako, Baba! Tulifukuzwa na mhudumu anazima taa, na wewe bado umezungukwa na wasichana, unamwambia mmoja wao, Thivya, kwamba mkono wake unakaba uzi kama unaudai deni.

Na wakakuita Mista Baba. Walinisikia nikikunong'oneza, "Baba, twende," wakadhani ndilo jina lako. Nilitaka kuwaeleza nikaona haya. Garini ukaniambia, "Waache. Nimeitwa mabaya zaidi ofisini."

Kila Jumamosi ikawa hivyo. Unaanza kofia, unafuma mizunguko miwili mitatu huku unaongea, halafu unanipitishia chini ya meza: "Haya mama, endeleza." Naendeleza. Mtu akiniuliza kitu unajibu wewe. Akinisifu unashukuru wewe. Nilipenda. Nilikuwa nakaa katikati ya watu wanaopenda ninachokipenda, na sikulazimika kufungua mdomo. Sasa najiuliza kama wale walikuwa marafiki zangu, au walikuwa marafiki zako na mimi nilikuwa binti yako pembeni.

Ulipofariki waliandika kwenye ukurasa wa kikundi. Wote. "Baba ametutoka." "Tutamkumbuka Baba daima." Nilisoma nimekaa ngazini, ndani watu wanasoma hitma, na nikakasirika, Baba, nikakasirika sana. Baba ni neno langu. Wao wana baba zao, na kila mmoja ana neno lake. Thivya wake anamwita Appa. Nikamwazia kitu kibaya: mbona yeye asiandike kwamba Appa amekufa, tuone? Halafu nikapata aibu, nikazima simu, nikaenda kugawa chai. Ni kitu ambacho sijamwambia mtu. Wewe ulikuwa ukisema siri haina mguu mpaka uipe kiatu. Basi hii nimeipa.

Ami aliposikia habari za tamasha alisimama pale sebuleni na mkate wake mkononi. "Udongo wa kaka haujakauka, huyu anakwenda ngomani!" Unanijua. Nilitazama zulia. Mama akajibu kutoka chumbani, wala hakupandisha sauti: "Kanunua siti mbili, shemeji. Moja imeshafiwa. Na ya pili tuizike?"

Ami akakaa. Mwisho akasema, "Basi nampeleka mimi. Nitatia pamba masikioni."

Tangu siku hiyo ananichanganya zaidi. Ameniuliza kama huko watu wanakaa au wanasimama. Ameniuliza kama wale vijana wanakula saa ngapi, kuruka kote kule. Na juzi, akiwa anafunga viatu ili asinitazame: "Na hiyo taa... na mimi natakiwa niwe nayo?" Nikampa yako, ile uliyojinunulia kwa ajili ya siku hiyo. Aliipokea kwa mikono miwili. Sijui kama anakuja kunilinda, au na yeye anakutafuta.

Lakini hapo sijafika kwenye tatizo lenyewe.

Thivya aliniandikia. Alisema wanataka siku ya tamasha kila taa ya kikundi chetu iwe na kofia yako. Walio nazo wataziweka, wasio nazo wafume, na mimi niwafundishe. Nikajibu ndiyo. Sijawahi kujibu mtu upesi namna ile. Nadhani nilijibu kwa furaha ya kuulizwa, kabla haya hazijaamka.

Kisha nikachukua uzi, nikachukua kroshia, nikakaa. Na sikujua kuanza.

Baba, mimi sijui kuanza! Miaka yote hii najua kuendeleza tu. Sijawahi kuanza kofia hata moja, ulikuwa unanipa ikiwa tayari ni kofia. Nikatazama video. Zipo nyingi, na nilizoziona zote zinaonyesha mwanzo mmoja, wa mnyororo, na mimi nikiufuata katikati kunabaki tundu. Dogo, lakini lipo. Na mwanga wa taa unachomoza hapo kama jicho. Nilikuwa nakuona kabisa unavyoingiza ncha ya kidole na kutikisa kichwa: "Hii ya mtoto mchanga, utosi haujafunga." Nikampigia Shangazi Tanga. Akasema wao walianza kwa mnyororo kama watu wote, "baba yako ndiye alikuwa na mwanzo wake, na tulipomwomba atuonyeshe alijidai anapiga chafya." Akacheka, halafu akalia.

Nilimwambia Thivya ukweli. Nilimwambia maktaba, kwa mdomo wangu, mbele ya wenzake: najua yote isipokuwa mwanzo, na mwanzo wa kofia uko katikati kabisa, chini ya kila kitu, huwezi kuuona mpaka ufumue mpaka kitanzi cha mwisho. Na nikiwa nimeshaanza kuongea nikashindwa kunyamaza, nikawaambia na lile jingine, kwamba Baba si jina. Kwamba kwetu ni neno analoita mtoto.

Thivya akafungua mkoba wake, akatoa taa, akaivua kofia. Ile ya bluu uliyomfumia alipofeli mtihani wa udereva. Akaisukuma mezani. "Fumua yangu."

Niliishika. Ilikuwa imechakaa upande mmoja, imeanza kutoa vinyweleo, kwa kushikwa. Anaishika wakati gani? Sijui. Sikuuliza. Nilikuwa nimekuja na hasira zangu tayari, nimezibeba toka siku ya hitma, na zikakosa pa kukaa. Maana yeye alichobakiwa nacho ni kile tu. Yeye alipata kofia. Mimi nilimpata aliyeifuma.

Nikamrudishia. Nikamwambia sitaki ya kwako, ninayo yangu.

Na yangu ni ile ya kwanza, Baba. Ile ya basi.

Jana mchana nilikaa na Mama kitandani kwenu. Yeye alishika mwisho wa uzi, mimi nilishika kofia. Nilimuuliza kama ni dhambi. Akasema hajui, tumuombe Mungu na tuvute polepole. Ulikuwa umefunga fundo dogo sana, nilitumia sindano kulifungua na nikajisikia kama naingia chumba ambacho sijapiga hodi. Halafu ikaanza kuachia. Inaachia rahisi, Baba. Nilidhani itagoma. Urembo wa ubavuni ukaenda, vile vitundu vyote vilivyotoa nukta ukutani vikawa uzi mtupu mapajani kwa Mama. Mara mbili nilimwambia basi, tuache, na mara mbili nikaendelea mwenyewe. Ilipobaki kama kifungo cha shati nikaisogeza karibu na macho. Nikavuta kidogo. Kidogo tena.

Ikatoka yote mara moja. Pwa. Sikuona kitu.

Nililia vibaya. Nilimwambia Mama nimemuua Baba mara ya pili, maneno ya kijinga, na yeye hakunikataza. Alikuwa anautazama ule uzi tu. Akasema, "Mbona haujanyooka?"

Kweli haukuwa umenyooka. Uzi uliokaa kwenye kofia muda wote ule ulikuwa umejikunja kama nywele zilizofumuliwa, kila kona ulipoupitisha imebaki kona. Nikauchukua ule mwisho, yaani ule mwanzo, nikauacha ulegee ujirudie wenyewe. Ukajikunja duara. Na tena duara, juu ya la kwanza, kubwa kuliko kroshia, ukubwa wa... nikatia kidole changu cha mwisho. Kikaenea kwa nafasi. Kumbe ulikuwa unaanzia kidoleni! Unajizungushia mara mbili, kidole chako ndicho kilichokuwa katikati ya kila kofia, halafu unakitoa na kuvuta mkia wa uzi, unavuta duara moja na jingine linafuata, na panafunga. Ndiyo maana hatukuona. Ulikuwa unaongea, na mkono mwingine tunaoutazama ulikuwa unachekesha watu.

Nimeifuma upya kwa uzi uleule. Haina tundu. Nimeiweka kwenye taa nikaiwasha, mwanga hauchomozi juu hata chembe. Mama amesema ni ileile. Mimi naona si ileile, mizunguko yangu imelegea, ubavuni urembo umekaa mshazari kidogo. Uzi wako, njia yako, mkono wangu. Sijui niiite ya nani. Sijui kama nimekuharibia au nimekupata. Nilidhani nikijua mwanzo nitatulia, na sijatulia, ila sasa kuna kitu najua.

Jumamosi naenda, Baba. Natumai hilo ndilo jibu ulilokuwa unipe, na kama silo, nisamehe, maana Ami ameshanunua pamba. Taa za ukumbi zikizimwa sijui kama nitaimba au nitalia. Nikiimba usidhani nimesahau. Nikilia usidhani sijafurahi.

Kabla ya hapo, kesho, nina watu wananisubiri maktaba na uzi wao. Wamesema wataendelea kukuita Baba, sasa wakijua maana yake, kama naruhusu. Nimeruhusu. Nilifikiri itaniuma zaidi ya ilivyoniuma.

Ninakuacha mikononi mwa aliyekuumba, yeye anayejua mianzo yote bila kufumua kitu. Akupe nafasi na akupe nuru. Ahadi yangu kwako ni moja, naijua ndogo, lakini hii naiweza: mtu yeyote akiniomba kofia, sitampitishia chini ya meza ikiwa imeshaanzwa. Nitamwambia anipe kidole.

Mwanao,
Mwanaidi