Rangi ya Plagi

Mbotela, Nairobi
4 Februari 2024

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba kifua chake kimetulia. Mimi sijambo. Naandika kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho nilipaza sauti hadi jirani yangu Khadro akaja kuuliza nani amefariki, na wewe bado hukusikia neno.

Baba, ile pikipiki yako ya CC 125 nimeitoa chini ya ngazi. Kuna uwanja wa mbio nje ya jiji ambao Jumamosi moja kila mwezi hufunguliwa kwa watu kama mimi. Hakuna kikombe wala wa kumshinda. Unazunguka tu, ukijaribu kuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa asubuhi. Nimetoa vioo, taa na stendi. Suti nimejishonea mwenyewe pale kibandani kwangu Kariokor, kwa vipande vya ngozi vilivyobaki kwenye mikoba, kwa hiyo mkono mmoja ni wa kahawia na mwingine mweusi.

Kilichobaki ni kabureta, na hapo sijui kitu. Mafundi wa huku wanaisikiliza injini kisha wanakisia. Wewe ulinifundisha kwamba plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini, haidanganyi. Nimeifungulia moto hadi mwisho, nikazima, nikaitoa. Imo humu kwenye bahasha. Isome uniambie.

Bintiyo,
Triza

Kimilili
12 Februari 2024

Kwa binti yangu Triza,

Salamu sana, mama. Hapa sisi wazima. Mahindi tumeshauza, na mama yako amenisamehe jambo ambalo hata silikumbuki.

Hiyo pikipiki ilibeba barua za ofisi miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kuiita ya mbio. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nimefurahi, sitakuficha.

Plagi yako ni nyeusi kama sufuria ya kuni. Injini inashiba petroli kupita kiasi. Badilisha jeti, kile kitundu cha shaba kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, uweke chenye tundu dogo zaidi. Lakini polepole. Plagi nyeusi ni shibe, nyeupe ni njaa, na njaa huiua injini hii inayochanganya oili na petroli. Hushika ghafla ukiwa kasini, gurudumu likagoma. Sisi tunatafuta rangi ya chai ya maziwa.

Boliti ya oili ya gia ifunge kwa waya isije ikajifungua. Vidole viwili vikae kwenye klachi kila wakati, ili uliachilie gurudumu likigoma. Na usiende uwanjani kabla sijaiona plagi ya pili kwa macho yangu.

Baba yako,
Dishon Nabiswa

Mbotela
21 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tu salama, isipokuwa maji yamekatika tangu Jumatatu. Barua yako ilifika, ila herufi zako zimenenepa siku hizi. Ukurasa mzima maneno kumi. Ni kalamu au ni nini?

Jeti nimebadilisha. Plagi ya pili hii hapa. Mimi naiona imepauka, lakini mimi ni mshona ngozi tu. Siku yangu ni Jumamosi tarehe 16 Machi. Nangoja neno lako, na bila hilo sitaondoka.

Bintiyo,
Triza

Kimilili
2 Machi 2024

Kwa Triza,

Salamu, mama. Sisi wazima. Herufi ni kubwa kwa sababu taa hii ya sola ni hafifu.

Nimeipeleka plagi mlangoni penye jua nikaigeuza pande zote. Ni chai ya maziwa kabisa, ile ya mama yako akiwa na furaha. Aliyepauka ni wewe, kwa woga. Usiguse kabureta tena. Nimeiweka dirishani pamoja na ile ya kwanza, nami huwaonyesha wageni.

Nenda ukimbie.

Baba yako,
Dishon

Mbotela
19 Machi 2024

Baba mpendwa,

Natumaini hamjambo. Mimi ni mzima, na hilo nimelitanguliza ili usome mengine ukiwa umetulia.

Asubuhi ilikuwa tamu. Kijana mmoja mwenye pikipiki kubwa alinicheka: “Siste, hiyo nduthi umeitoa makumbusho?” Nikamwambia, “Ni ya buda wangu, na kwenye kona utaniona mgongo.” Akaniona mgongo, Baba, kona tatu. Sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe.

Katika mzunguko wa saba injini ikashika. Gurudumu la nyuma liligoma, nikavuta klachi kwa vile vidole viwili, nikatoka nje ya barabara nikaangukia nyasi. Bega limeteguka, linapona. Klachi ndiyo iliyoniokoa, yaani wewe.

Kosa ni langu. Nilisahau kutia oili kwenye petroli.

Nina ombi moja tu. Mama amenitumia ujumbe kwamba kanisani kutakuwa na madaktari wa macho tarehe 6 Aprili. Amesema unaipapasa ngazi kabla ya kushuka na unamimina chai nje ya kikombe. Nenda, Baba. Nakuomba.

Bintiyo,
Triza

Kimilili
27 Machi 2024

Triza,

Namshukuru Mungu kwa bega kuwa bega tu. Baada ya hapo sina salamu.

Oili! Jambo la kwanza nililokufundisha ukiwa na miaka tisa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Pikipiki irudi nyumbani. Wabwire anakuja na lori lake la vitunguu wiki ijayo, mpe. Sitaki uiguse tena, wala hiyo wala nyingine.

Macho yangu hayana neno. Nitaenda ili mama yako anyamaze.

Baba yako

Mbotela
5 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Nimempa Wabwire, pamoja na barua hii ikufikie leo usiku. Nimelia, na yeye ameniona. Sina la kujitetea. Kesho usikose kwenda kanisani.

Bintiyo,
Triza

Kimilili
26 Mei 2024

Kwa binti yangu Triza,

Salamu nyingi sana, mama. Bega lako linaendeleaje? Niambie ukweli.

Barua hii imechelewa. Madaktari walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia wamelitengeneza, la kushoto linangoja Julai. Bandeji ilipotoka nilimuuliza mama yako amenunua lini shuka jipya. Akasema ni lile lile. Ni jeupe, Triza. Miaka miwili nimelilalia nikidhani ni la manjano.

Basi nikaenda dirishani. Plagi yako ya kwanza ni nyeusi, ndiyo. Ya pili ni nyeupe kama unga. Hakuna chai pale, hata tone. Nikaketi chini. Kisha nikaiendea pikipiki, ambayo nilikuwa nimeifunika gunia kwa hasira, nikachovya kidole kwenye petroli iliyobaki tangini. Iliteleza. Oili ilikuwamo, tena kwa kipimo changu. Hukusahau kitu. Injini iliungua kwa neno langu, na wewe ukiwa juu yake.

Nilikuandikia methali, kumbe wewe ulilisikia la mkuu na ndilo lililokuangusha. Ningeweza kukuua. Nisamehe, mama. Sijawahi kumwandikia mtoto wangu neno hilo. Niliweka kalamu chini, mama yako akaniambia niendelee.

Lakini usinifanyie hivyo tena. Kumfichia mzee kosa lake ni adabu ya matangani. Kwenye injini tutazikana. Ungeniambia, ningekasirika siku mbili, nikaenda hospitali siku ya tatu.

Silinda imechongwa mjini na pistoni mpya nimeitia mwenyewe, mama yako akinishikia tochi na kulalamika. Wabwire ataileta Ijumaa. Kabureta sikuigusa; irudishie kwanza jeti ile ya zamani. Ifungulie moto hadi mwisho, zima, toa plagi, uisome wewe. Uliniambia imepauka, na ulikuwa umeona sawa. Usiitie kwenye bahasha. Niandikie tu umeona rangi gani, nami nitakuamini.

Baba yako,
Dishon Nabiswa