Swali la Tisa

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi na wifi yako tu wazima, watoto nao wanakula na kurefuka. Nyinyi je? Shangazi kaniambia goti lako bado linakusumbua ukipanda ngazi, pole sana. Nisalimie shemeji na wapwa wangu, hasa yule mtundu. Najua ukiuona mwandiko huu utasonya, maana tangu tumzike mama, miaka sita sasa, hatujazungumza. Sonya, dada, ila barua usiichane.

Kazi inakwenda vizuri, tena mno. Acha nijisifu, wewe ndiye uliyenipa jina la Chiriku. Nimechunguza mikataba kumi na minne ya amani katika nchi hizi zinazopakana. Tisa ilivunjika hata wino haujakauka. Wenzangu wanasema ni mipaka, ni silaha, ni uchu wa madaraka. Sibishi. Lakini katika ile mitano iliyodumu nimeona jambo lililowapita wote: kila mara alitokea mtu akasimama mbele ya watu wale wale aliowadanganya, akasema alidanganya. Ushahidi wangu umejaza makabati mawili, na mwezi ujao naupeleka mbele ya wajumbe wa nchi zote. Waje na maswali yao, niko tayari.

Basi tukaandaa dodoso jipya la kuwapelekea waliopigana. Wanafunzi wangu nimewazoesha wasimuulize mtu swali ambalo wao wenyewe hawajalijibu. Juzi msaidizi wangu, binti asiyeniogopa hata chembe, akanisukumia karatasi na kalamu, akasema daktari naye ajaze kama wengine. Nikacheka, nikajaza mbio mbio mpaka swali la tisa: ni uongo gani uliusema juu ya upande wa pili, na nani waliusikia? Nikaiweka kalamu chini. Binti akauliza kama swali lina kasoro. Nikamwambia halina, nikaenda kunawa uso.

Dada, siku ya maziko niliuambia ukoo mzima kwamba hukunijulisha mama amezidiwa. Wakaniamini, si mimi ndiye msomi, mtu wa amani? Shangazi akakukaripia mbele ya waombolezaji. Simu ulikuwa nayo mkononi, ungeweza kuwaonyesha, lakini hukutaka kunivua nguo mbele za watu. Ujumbe wako niliupata. Uliandika nije siku ile ile, mama ananiita. Walikuwa wamebaki wasemaji wawili nipande jukwaani kwenye ule mkutano mkubwa. Nikausoma, nikazima simu, nikapanda kuhutubia habari za upatanisho. Walinipigia makofi, wee! Mama akafa akiniita, nami nikakutwisha wewe lawama kwa kuwa zilinishinda kubeba. Nimekukosea, dada yangu. Ninapoandika haya ninalia, na wala sijifichi.

Sikudai jibu. Ukitaka kunitukana, namba yangu ni ile ile, na safari hii sitaizima. Mungu akuponye goti, akutunzie nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Chiriku

Nakala kwa: shangazi, baba mkubwa, baba wadogo wote wawili, mama mdogo, majirani wa mama, nyumba ya kulia na ya kushoto, na yule fundi aliyejengea kaburi, maana naye alikuwepo akasikia.