Karatasi Nyeusi za Miche ya Chai

Kisii mjini, 3 Machi 2025

Mama mpendwa,

Habari za Nyacheki? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila nina ombi la ajabu. Zile karatasi za plastiki za miche ya chai mlizofukia nyuma ya boma, usizichome. Najua unazichukia tangu ng'ombe wetu alipozila akafa. Hapa maabara ya chuo tunatafuta bakteria, viumbe wasioonekana kwa macho, wanaoweza kula plastiki, na huenda wako pale. Nitumie chache. Nikikosa cha kupima mwezi huu, mradi wangu atapewa mwingine.

Binti yako, Kemuma

Nyacheki, 9 Machi

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Sisi wazima, goti linanung'unika mvua ikinyesha. Plastiki iliwe? Haya, wewe ndiye umesoma. Nimezisugua kwa sabuni na maji moto mpaka zikang'aa. Siwezi kupeleka uchafu chuoni waulize umetoka nyumba gani. Zilizobaki baba yako atachoma Jumapili ijayo.

Mama yako

Kisii, 12 Machi

Mama,

Salamu nyingi kwenu. Ule uchafu ndio niliotaka. Viumbe wenyewe wanaishi kwenye matope, na umewaosha wote. Nimelia, kisha nikacheka. Tafadhali baba asiwashe moto.

Binti yako

Nyacheki, 18 Machi

Kemuma,

Hujambo mwanangu? Barua yako imefika jana, moto ulishawashwa juzi. Niliumia sana. Nikachukua jembe, nikachimba mpaka kwenye mizizi ya mgomba, nikapata moja ambayo moto haukuifikia. Nakutumia na matope yake, na minyoo, na aibu yangu yote. Usiseme imetoka kwetu.

Mama yako

Kisii, 2 Juni

Mama,

Sabato ilikuwaje? Kaa chini kwanza. Nimeitazama karatasi yako kwa hadubini. Ina vishimo, na vishimoni wale viumbe wamejazana. Tukawapa plastiki mpya, bila chakula kingine chochote. Imepungua uzito. Ni kidogo mno, na sijui kama watawahi kumaliza hata shimo letu. Lakini wanakula, Mama. Nimewaambia wote imetoka kwetu.

Binti yako

Nyacheki, 8 Juni

Kemuma wangu,

Sisi wazima, na goti nimelisahau. Kumbe Mungu alikuwa na wafanyakazi hata kwenye takataka, na mimi nikawamwagia maji moto. Nimezungusha ua pale shimoni ndama asifike. Baba yako anasema nimeanza kuchanganyikiwa. Kila asubuhi nikienda kuchuma chai nasimama hapo, nashindwa hata kuomba. Leo nimeinama nikawaamkia kwa Kikisii, "Bwakire," vile ninavyowaamkia majirani.

Mama yako