Maksai wa Mama Mmoja

Kalangalala, Geita
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye namwamkia, apokee shikamoo yake kabla msomaji hajaendelea. Najua anayewasomea ni mdogo wangu Masanja, na najua ana tabia ya kuruka maneno yasiyompendeza. Masanja, leo soma yote. Magoti ya mama yanasemaje tangu mvua zianze? Na wewe baba, kile kifua kimetulia? Mimi mwili ni mhola, sina homa wala maumivu ya jino, ila moyo umechacha kama maziwa ya juzi, na sioni sababu ya kuwaficha.

Lile duka la Shinyanga limeota mbawa.

Nieleze tangu mwanzo, maana mama atataka kujua nimegombana na nani. Bosi wangu mnamfahamu kwa habari zake, Baba Salma, yule Mhindi ambaye marehemu baba yake aliuza majembe na kanga hapahapa mjini. Yeye sasa anauza vifaa vya ofisi, na mimi ndiye fundi wake wa kuunganisha kompyuta. Ndani ya kila kompyuta kuna kidude kinaitwa prosesa. Huyo, baba, ndiye ng'ombe anayevuta jembe, mengine yote ni minyororo na mpini. Kiwandani huiandikia kasi yake, na hizi zetu zimeandikwa mia tatu. Lakini fundi akijua pa kugusa, anaweza kuilazimisha ikimbie kuliko ilivyoandikiwa. Nyingine hukubali, nyingine hukataa.

Zile za kwanza kutoka Dubai zilikubali zote. Nilizipandisha hadi mia nne na hamsini, zikapiga kazi mchana kutwa chini ya bati letu, na joto la bati hilo nimeshawasimulia. Baba Salma alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Akaniambia kwamba akifungua tawi Shinyanga mjini, fundi mkuu nitakuwa mimi. Ndipo nikawaandikia kwa furaha, na mama, na magoti yake hayo, akakandika kile chumba cha upande wa zizi ili kila Jumamosi nitoke Shinyanga nije nilale nyumbani, nimchotee maji.

Kisha ikaja shehena ya pili, kwa treni hadi Isaka, halafu kwa lori. Boksi zilezile, jina lilelile, mia tatu ileile. Ila kwenye kila prosesa kuna mhuri mdogo unaoonyesha nchi ilikotengenezwa na wiki yake, na mhuri wa hizi ulikuwa mwingine. Nikamwomba Baba Salma asimwahidi mtu mpaka nizijaribu moja moja. Akasema biashara haingoji fundi. Kumbe alikuwa ameshaiahidi kampuni moja ya kupima miamba upande wa Bulyanhulu, na vikaratasi vya mia nne na hamsini ameshavichapisha vya kubandika usoni mwa kila kompyuta.

Baba, nimehangaika nazo mpaka nikazichukia. Moja iliganda kabla hata haijamaliza kuwaka. Nyingine ilikwenda vizuri asubuhi, jua lilipopanda ikazima yenyewe. Moja ilifika mia tatu sabini na tano, nikaanza kushangilia, ikanigandia mkononi. Nikaziongezea volti kidogo, nikazifungia feni kubwa, nikaziacha wazi bila mfuniko na kuzielekezea lile feni la mezani la Baba Salma, yeye akakaa analowa jasho na kunilaumu. Hakuna kitu. Nikizirudisha mia tatu, zinafanya kazi kwa adabu siku nzima. Nikamwonyesha. Akaniambia, "Za kwanza uliziweza. Hizi unazifanyia uvivu."

Neno hilo liliniuma hata sikuweza kula. Nikawakumbuka wale maksai wawili uliowanunua mnadani, wa mama mmoja, mwekundu na yule wa mabaka. Mwekundu alilima pamba toka alfajiri mpaka jua la utosini bila kusukumwa. Wa mabaka, ukimkimbiza kama ndugu yake, alilala kwenye mtaro na nira ikiwa shingoni. Ulimchapa, baba, usikatae, mama yupo hapo anakusikia. Na mama akasimama kati ya fimbo na ng'ombe akakuambia, "Unampiga huyu kwa sifa za ndugu yake." Nilimsimulia Baba Salma kisa hicho. Akaniuliza kama nimeajiriwa kuchunga.

Siku ya kukabidhi, mteja alikuja mwenyewe, Mama Neema, mtaalamu wa miamba, mama mtulivu asiyependa maneno mengi. Alileta mchoro wake wa matabaka ya mwamba auone unavyofunguka. Baba Salma alikuwa ameniagiza mapema nizipandishe zote mia nne na hamsini, na kikitokea chochote, niseme ni umeme. Mchoro ukafunguka nusu, kompyuta ikaganda. Tukawasha ya pili, nayo ikaganda. Baba Salma akaanza kuulaani umeme wa Geita, na kwa kweli umeme wetu unastahili laana, lakini siku hiyo haukuwa na kosa. Mama Neema akamwacha aongee, akanigeukia mimi.

"Fundi, ni umeme?"

Nikaangalia vile vikaratasi. Nikafikiri Shinyanga, nikafikiri chumba, nikafikiri mama na ndoo. Nilitamani sana kusema ndiyo, baba, sitajifanya malaika.

"Hapana, mama. Ni kasi. Zimelazimishwa. Nikizirudisha mia tatu zitafanya kazi."

"Zirudishe."

Nikazirudisha palepale, nikabandua vikaratasi. Mchoro ukafunguka wote, polepole, bila kukwama. Mama Neema alizichukua kwa bei ya mia tatu, akaacha moja iliyozidi. Baba Salma alimsindikiza kwa tabasamu hadi garini. Aliporudi hakunigombeza. Alisema tu kwamba Shinyanga atakwenda fundi mmoja wa kutoka Mwanza, aliyemhakikishia kuwa hakuna prosesa inayomkataa anayejua kazi. Mimi nibaki hapa, nisafishe printa.

Nina hasira, baba. Nina hasira na waliotengeneza vitu viwili tofauti wakavipa jina moja. Nina hasira na huyo wa Mwanza ambaye hata mhuri hajausoma. Kazi sijaiacha, usiogope, mtoto wa kike akiacha kazi kwa hasira hula hasira. Lakini msinitazamie Jumamosi.

Mmeona barua imepigwa chapa. Nimeiandika kwa ile kompyuta aliyoiacha Mama Neema, kwenye mia tatu yake. Nimekaa nayo tangu nilipotoka kanisani na haijaganda hata mara moja. Ilinibidi mimi tu kupumzika.

Nisalimieni bibi, mwambieni tumbaku yake nitaituma na mtu wa basi. Shangazi wa ng'ambo ya mto, yule aliyesema kompyuta si kazi ya mwanamke, msimsomee barua hii. Masanja wabeja, asante kwa kusoma, najua hapo kwa shangazi umetaka kuruka. Mama nampigia magoti. Kile chumba awalaze vifaranga, mwewe wasimmalizie, kazi ya mikono yake isikae bure.

Na yule maksai wa mabaka, kama bado anavuta pipa la maji, baba, mwache avute kwa mwendo wake.

Ni mimi binti yenu,
Kabula